Mtambo wa ukungu hauoni mbu

Pita jioni moja ya Juni kwenye mitaa ya nje kidogo ya Houston, zile nyumba zenye bustani za nyasi zilizokatwa sawasawa. Uani hakuna mtu. Ghafla upenuni na juu ya uzio unafuka ukungu mweupe, mwembamba, unaelea chini ya dakika moja, kisha kimya. Hakuna kinachoungua. Hiyo ni dawa ya mbu, inasukumwa na mtambo uliofichwa nyuma ya gereji. Texas, Louisiana na Florida mitambo hii ni kitu cha kawaida, na Mswahili anayenunua nyumba huko anaweza kuukuta umeshafungwa, hana hata karatasi ya maelezo. Mwingine yuko Kigamboni au Nyali, ameuona mtandaoni, anauliza kama ufungwe na kwake. Haya ni maelezo kwa wote wawili.

Asili yake ni mazizini. Wafugaji wa farasi na ng'ombe wa maziwa walifunga nozeli, yaani vinyunyizio vidogo, juu ya mifugo ili kupunguza nzi, baadaye wazo likahamia kwenye baraza za watu. Ukilijua hilo, tabia ya mtambo inaeleweka: ni saa iliyofungiwa pampu. Hauna jicho wala pua. Wakati ukifika unanyunyiza, mbu wawepo wasiwepo, mtoto awe uani au awe amelala. Karibu kila kitu fundi mzuri anachokifanya ni kuufidia upofu huo.

Pipa, pampu, mpira, nozeli

Pipa la kawaida Marekani ni la galoni 55, yaani lita 208 hivi. Ndani kuna dawa iliyokwisha kuchanganywa na maji. Juu yake au pembeni hukaa pampu, mota na kidhibiti chenye taima. Kabla ya kunyunyiza, mtambo unapaswa kuzungusha mchanganyiko ndani ya pipa kwa sekunde 30 hadi 60, kwa sababu dawa nyingi za aina hii ni za mafuta: zikiingia kwenye maji zinageuka nyeupe kama maziwa, na zikikaa zinajitenga. Mzunguko huo ukifa, hutauona kwa macho. Siku fulani utanyunyiza maji matupu, na siku nyingine dawa kali kuliko inavyoruhusiwa.

Pampu husukuma kwa presha ya psi 180 hadi 250 hivi, sawa na bar 12 hadi 17. Tairi la gari dogo hujazwa psi 32, kwa hiyo usichukulie mpira wa mtambo huu kama mpira wa kumwagilia maua. Ni nailoni ngumu, kipenyo cha nje robo inchi, nyeusi ili ihimili jua. Hupita chini ya upenu, juu ya uzio na ndani ya vichaka. Fundi anayejua kazi huufunga kama pete: unatoka kwenye pampu, unazunguka kiwanja, unarudi palepale ulipoanzia. Ukiufunga kama mkia, nozeli za mwisho zinakosa presha, na badala ya ukungu zinadondosha matone mazito yanayochoma majani na kuacha madoa ukutani.

Nozeli yenyewe ni ndogo kuliko ncha ya kidole, ya chuma kisichoshika kutu au shaba iliyopakwa nikeli, na tundu lake ni kama milimita 0.3 hadi 0.4. Ndani ina kigololi na springi. Presha ikipanda kigololi kinasogea. Ikishuka springi inakirudisha na kufunga, dawa isiendelee kuchuruzika baada ya pampu kuzima. Asubuhi ukiona doa la unyevu chini ya nozeli, springi hiyo imechoka au uchafu umekwama. Nozeli haitengenezwi, inabadilishwa.

Kuna aina isiyo na pipa. Hiyo huchukua maji ya bomba moja kwa moja na kuyachanganya na dawa kali kutoka kwenye chupa, kidogo kidogo, wakati uleule wa kunyunyiza. Faida yake ni kwamba mchanganyiko hauzeeki. Lakini lazima iwe na vali isiyorudisha maji, la sivyo presha ya mtaani ikishuka dawa inaweza kufyonzwa hadi kwenye maji ya kunywa. Na pale penye mgao wa maji, aina hii ni ya kusahau, labda uilishe kutoka kwenye simtanki yenye pampu yake.

Hesabu ya kiwanja kimoja

Chukua kiwanja cha mita 20 kwa 25. Mzingo wake ni mita 90. Ukiweka nozeli kila mita 3 unapata nozeli 30. Tuseme kila moja inatoa mililita 40 kwa dakika. Mnyunyizo wa sekunde 45 utatoa mililita 30 kwa nozeli, yaani mililita 900 kwa mtambo mzima. Mara 3 kwa siku ni lita 2.7. Pipa la lita 208 litadumu siku 77, na kila mwezi utakuwa umemwaga lita 81 za mchanganyiko wa dawa kwenye ua wako. Andika namba hiyo mahali unapoiona.

Mililita 40 ni ya mfano. Ya kwako ipime: izungushie nozeli mfuko wa plastiki, endesha kwa dakika moja kwa maji safi, mimina yaliyokusanyika kwenye kikombe chenye vipimo, soma. Fanya hivyo kwa nozeli iliyo karibu na pampu na iliyo mbali kabisa. Zikitofautiana sana, una mvujo, chujio limeziba, au mpira umefungwa kama mkia.

Kuchanganya kuna kanuni moja: lita za pipa, mara asilimia unayotaka, gawanya kwa asilimia iliyo kwenye chupa. Dawa ya asilimia 6, unataka 0.05: 208 mara 0.05 gawanya kwa 6 unapata lita 1.73. Asilimia unayotaka inatoka kwenye lebo ya dawa, haitoki kwa fundi wala kwa jirani. Jaza maji nusu pipa, washa mzunguko, mimina dawa, malizia maji. Vaa glavu za mpira, miwani na mikono mirefu. Hatari kubwa kwa mtu iko kwenye dawa kali ya chupani kabla haijaongezwa maji. Maji ya kisima chenye chumvi au chokaa yana kasoro mbili: chokaa huziba nozeli, na maji yenye ualikali mwingi huvunja dawa ndani ya pipa.

Pareto yetu inayorudi kwa jina jingine

Dawa inayosifiwa zaidi kwenye mitambo hii ni pairethrini, na hapo msomaji wa Molo au Mafinga anajua tunakokwenda. Hiyo ni pareto. Maua yaleyale meupe yanayochumwa nyanda za juu kusini mwa Tanzania na Bonde la Ufa la Kenya hukaushwa, hukamuliwa, na kioevu chake huuzwa ng'ambo. Kenya iliwahi kuongoza dunia kwa zao hili. Inawezekana kabisa kwamba ukungu unaofuka kwenye uzio wa Houston ulianza safari yake shambani Mufindi.

Pareto huangusha mbu kwa kuvuruga mishipa yake ya fahamu, kwa sekunde chache tu. Udhaifu wake, ambao pia ndio usalama wake, ni jua: mwanga huivunja ndani ya saa chache. Na mbu aliyeanguka anaweza kuzinduka, kwa sababu mwili wake una vimeng'enya vinavyoivunja sumu. Ndiyo maana huchanganywa na PBO, kemikali inayovizuia vimeng'enya hivyo. Ni PBO hiyohiyo iliyomo kwenye vyandarua vya kizazi kipya vinavyogawiwa Afrika Mashariki, baada ya mbu wa kwetu kuwa sugu kwa dawa ya vyandarua vya zamani.

Badala ya pareto wengine hutumia ndugu zake wa maabara, hasa permethrini. Hii haivunjwi haraka na jua, hubaki kwenye majani. Mwenye nyumba hufurahia kwamba inadumu. Nyuki aliyetua kwenye jani hilo kesho yake hana cha kufurahia. Permethrini ni sumu kali kwa paka, kuliko ilivyo kwa mbwa, na jamii yote hii ya dawa ni sumu kali kwa samaki hata kwa kiasi kidogo sana. Mwenye bwawa la samaki asifunge nozeli upande huo, aishie hapo. Mafuta ya mchaichai, mwerezi na mengine ya mimea yapo sokoni pia. Haya zaidi hufukuza, na hayadumu.

Saa ngapi, na wapi

Mbu si mmoja. Culex quinquefasciatus, anayeeneza virusi vya West Nile huko Texas, huanza kazi giza likiingia. Aedes mwenye madoa meupe miguuni huuma mchana, hasa asubuhi na kabla ya jua kuzama. Houston ina Aedes wa aina mbili, na mmojawapo, albopictus, aligunduliwa hapo mwaka 1985, akihusishwa na matairi yaliyotumika kutoka Asia. Mnyunyizo wa alfajiri kabla ya jua na ule wa magharibi humpata Culex vizuri, na huwakuta nyuki wakiwa bado mzingani. Ukitaka kumfuata Aedes kwenye saa zake, utawafuata na nyuki, vipepeo na kereng'ende, huyo wa mwisho mwenyewe hula mbu. Sikushauri. Aedes apigwe kwenye maji anakotaga.

Houston jua huzama saa 11:20 jioni Desemba na saa 2:25 usiku Juni, ukihesabu na ule mchezo wao wa kusogeza saa. Taima iliyowekwa mara moja ikasahauliwa itakuwa inanyunyiza jua linawaka nusu ya mwaka. Dar es Salaam tofauti hiyo ni kama dakika 40 tu mwaka mzima, kwa hiyo hapo tuna unafuu. Tahadhari nyingine ni ya Waswahili peke yetu: ukimwambia fundi “saa 12 jioni” naye akaandika 12 PM kwenye kidhibiti, dawa itatoka adhuhuri, saa 6 mchana, watu wanakula.

Kuhusu mahali: mbu hashindi akiruka. Mchana amejificha kwenye kivuli chenye unyevu, chini ya majani mapana, nyuma ya vyungu, pembe za uzio. Nozeli za upenuni, mita 2.5 hadi 3 kutoka chini, hutengeneza pazia. Nozeli zilizo ndani ya vichaka, sentimita 30 hadi 60 kutoka chini, ndizo zinazompata alipolala. Zielekeze ndani ya kiwanja na kuelekea kwenye kivuli. Usielekeze kwenye dirisha, kiyoyozi, meza ya chakula, jiko la nyama choma, bwawa la kuogelea, bustani ya mchicha, ua lililochanua, wala kwa jirani. Upepo ukivuma, ukungu unahamia kwa huyo jirani vyovyote vile, kwa hiyo kipima upepo kinachozuia mtambo kuwaka ni kifaa cha maana kuliko rimoti.

Na rimoti ndiyo inayotumiwa vibaya kuliko kitu kingine chochote. Wageni wamekaa, mbu wameanza, mwenyeji anabonyeza. Lebo za dawa hizi Marekani zinataka mnyunyizo ufanyike wakati watu na wanyama hawapo. EPA, mamlaka ya mazingira ya serikali kuu, haisajili mtambo. Inasajili dawa, na dawa isiyotajwa kwenye lebo yake kwamba inaruhusiwa kwenye mitambo ya ukungu ya nje haipaswi kuingia kwenye pipa lako. Lebo hizo pia zinadai pipa liwe na kufuli na nakala ya lebo ibandikwe juu yake. AMCA, chama cha wataalamu wa kudhibiti mbu huko, kina wasiwasi na mitambo hii kwa sababu tuliyoanza nayo: inafuata ratiba bila kupima kama mbu wapo, na dawa inayomwagwa ovyo hulea usugu.

Inavyoharibika

Nozeli kuziba ni kila siku. Ikiwa ni chokaa, iloweke kwenye siki usiku kucha, isuuze, ipulize. Usichokonoe kwa sindano. Tundu likipanuka kidogo tu, ukungu unageuka matone. Zikiziba nyingi kwa pamoja usihangaike na nozeli, fungua chujio la mpira unaofyonza kutoka pipani. Baada ya kufunga mtambo mpya au kukata mpira, endesha maji bila nozeli kwanza, vumbi la plastiki litoke.

Mpira kukatika ni hasara kubwa zaidi. Texas kindi hutafuna, mashine ya nyasi hukata. Mtambo usio na kihisi cha presha hautajua. Utamwaga pipa lote kwenye kona moja ya bustani, na mwenye nyumba atashangaa dawa yake imeisha haraka. Nunua wenye kihisi. Kabla ya baridi, mpira hupulizwa kwa hewa na pampu kukaushwa, maana maji yakiganda hupasua viungio. Waliosahau kabla ya baridi kali ya Februari 2021 walikuwa na viungio vya kukagua kimoja kimoja.

Umeme ukikatika, kidhibiti kisicho na betri husahau saa. Kinarudi na saa yake ya kiwandani, na mnyunyizo wa alfajiri unaangukia wakati watoto wanatoka shule. Kwa nyumba ya Marekani hilo hutokea mara chache. Kwa kwetu, umeme ukikatika mara mbili kwa wiki, ndilo la kwanza kuuliza dukani.

La pili la kuuliza ni umeme wenyewe. Mtambo wa Marekani ni wa volti 120 na hezi 60. Tanzania na Kenya tuna 230 hadi 240 na hezi 50. Transfoma inashusha volti lakini hezi haibadiliki. Mota ya AC itazunguka taratibu kwa karibu asilimia 17, presha itashuka na mota kupata moto. Taima ya zamani inayohesabu kwa mawimbi ya umeme itachelewa dakika 10 kila saa. Afadhali pampu ya volti 24 DC yenye adapta ya hapa. Na dawa iwe imesajiliwa na mamlaka ya viuatilifu, TPHPA kwa Tanzania au PCPB kwa Kenya, kwa matumizi hayo. Chupa iliyoletwa kwenye begi haina usajili wowote.

Malaria je?

Hapa tuwe wawazi. Anopheles gambiae, mwenezaji mkubwa wa malaria kwetu, hupendelea kuuma usiku wa manane, ndani, mtu amelala. Mnyunyizo wa magharibi umeshakauka saa nyingi. Mtambo wa uani hauchukui nafasi ya chandarua, hata ukigharimu maelfu ya dola. Dengi, iliyoipiga Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, inaenezwa na Aedes wa mchana, na huyo tumeshasema alipo: kwenye ndoo, tairi, kisahani cha chungu cha maua, gata lililoziba majani, mfuniko wa simtanki uliokaa upande. Kwenye joto la pwani yai linakuwa mbu ndani ya siku 7 hadi 10, kwa hiyo zunguka kiwanja mara moja kila wiki na umwage. Yasiyomwagika yawekwe Bti, bakteria anayeua viluwiluwi bila kudhuru samaki wala nyuki. Kiwanda cha Kibaha hutengeneza viuadudu vya aina hiyo.

Culex wa kwetu kwao ni shimo la choo na maji taka. Makunduchi, Zanzibar, mwishoni mwa miaka ya 1980, mashimo ya vyoo yalimwagiwa chembe za polisterini zikaelea juu ya maji kama blanketi, na mbu hao wakapungua vibaya sana. Hakuna pampu, hakuna taima, na chembe zilibaki zikifanya kazi kwa miaka. Kabla hujaita fundi wa ukungu, funika bomba la hewa la shimo lako kwa wavu na uzibe nyufa za mfuniko.

Mtambo ukiwa umeshafungwa, upime hivi. Jua linapozama, vaa suruali ndefu nyeusi, kaa palepale barazani dakika 5, hesabu mbu wanaotua miguuni. Rudia jioni 3, chukua wastani. Zima mtambo wiki mbili, ukiendelea kumwaga maji yaliyotuama, halafu hesabu tena saa ileile. Namba ikibaki ileile, uache umezimwa na uwashe tu wanapozidi. Ikipanda, usiongeze sekunde za mnyunyizo. Chukua tochi ukatafute maji uliyoyaruka.